Mabasi ya Babu Katika Nyika ya Australia

Mlioniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kublogu, jibu ni la. Julai nilikuwa katikati ya Australia, katika ile nyika kubwa ambayo wenyeji huiita Outback. Tulikuwa watu wanane, mabasi mawili ya zamani na gari moja jipya. Kwa siku nyingi simu hazikushika mtandao hata kidogo, zikabaki na kazi ya kupiga picha tu.

Mabasi yenyewe yalitengenezwa miaka ya 1960, na yalianza maisha yakibeba wanafunzi. Rafiki yangu tuliyesoma naye sayansi ya tarakilishi chuoni sasa anafanya kazi Adelaide. Yeye na wenzake waliyanunua yakiwa yamestaafu, wakang'oa viti, wakaweka vitanda, jiko la gesi, tangi la maji na paneli za sola juu ya paa. Moja tuliliita Bibi na jingine Kobe. Kobe akipanda mlima unaweza kushuka, ukatembea kando yake huku mkiendelea na gumzo kupitia dirishani.

Njia tuliyoifuata inaitwa Oodnadatta Track. Ni barabara ya vumbi na changarawe ya kilomita 620 hivi, kutoka Marree hadi Marla, jimbo la South Australia. Kati ya kituo kimoja na kingine ni kilomita 200 za ardhi nyekundu. William Creek, mojawapo ya vituo hivyo, wakazi wake wote wanaenea kwenye matatu moja. Tulichagua Julai kwa sababu huko ni majira ya baridi. Kiangazi si mchezo: tarehe 2 Januari 1960 mji wa Oodnadatta ulipimwa nyuzi 50.7 za Selsiasi.

Utajiuliza, nani alichora barabara mahali kama hapo? Jibu ni maji. Chini ya nchi hiyo kuna hazina ya maji iitwayo Great Artesian Basin, iliyoenea chini ya zaidi ya sehemu moja kwa tano ya Australia. Pale yanapopata upenyo, maji hupanda yenyewe na kutoa chemchemi jangwani. Waarabana na majirani zao wamezijua chemchemi hizo kwa maelfu ya miaka, wakisafiri kutoka moja hadi nyingine. Wote waliokuja baadaye walifuata nyayo zao.

Na hapa ndipo damu ya mtu wa mitandao ilipochemka. Mwaka 1872 Charles Todd alikamilisha waya wa telegrafu wa kilomita 3,200 hivi, kutoka Port Augusta kusini hadi Darwin kaskazini, ulikokutana na kebo ya baharini kutoka Java. Habari za London, ambazo zilikuwa zikifika kwa meli baada ya miezi, zikaanza kufika kwa saa. Lakini umeme wa betri ulichoka njiani, kwa hiyo vilijengwa vituo. Karani alisikiliza ujumbe wa Morse kutoka upande mmoja, akaupiga upya kwa mkono kwenda upande wa pili. Ni ruta kabisa, isipokuwa ruta hii ilihitaji kula na kulala. Tulisimama Strangways Springs, kituo kimojawapo, kuta zake za mawe bado zipo. Baadaye reli ya Ghan ilipita njia hiyohiyo, hadi njia ya zamani ilipofungwa mwaka 1980.

Waya ule ulikatika mara nyingi. Ulipokatika, watu wa kituo walichukua farasi na vifaa, wakautafuta mwisho wake na kuuunga. Shikeni hilo, maana nitarudi kwake.

Siku ya tatu Bibi alikohoa mara mbili, akazima. Mwenye basi ni muuguzi, hajawahi kusomea ufundi. Alifungua kifuniko cha injini kilicho kando ya kiti cha dereva, akatazama kikombe cha filta ya dizeli na kukuta kimejaa uchafu. Akabadilisha filta, akalegeza nati moja, akaanza kupampu kwa mkono. Ilitoka dizeli yenye povu. Akaendelea mpaka mapovu yakaisha, akakaza nati. Bibi akaguruma. Dakika 40, spana mbili na kitambaa kimoja. Mimi niliyekuwa nimesimama kama mtalii ninaweza kuifanya kazi hiyo kesho, kwa sababu kila hatua niliiona kwa macho.

Siku ya tano ikawa zamu ya gari jipya, lenye viti vya kupashwa joto na skrini kubwa. Taa ya njano iliwaka, na gari likajipunguzia nguvu lenyewe: likakataa kupita kilomita 40 kwa saa. Injini ilisikika nzima. Tulifungua boneti tukakuta plastiki nyeusi. Wote wakanigeukia: "Wewe ndiye mtu wa tarakilishi."

Kwa bahati nilikuwa na kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani ili kisome misimbo ya hitilafu. Kilinipa namba moja. Namba hiyo haikuwa katika misimbo ya kawaida inayotumiwa na magari yote, bali katika kundi ambalo kila mtengenezaji hujipangia maana yake. Maana ilikuwa mtandaoni, na mtandao haukuwepo. Gari lilijua linaumwa nini, ila halikuwa na ruhusa ya kutuambia.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Gari hilo ndilo lililobeba madumu ya maji ya akiba. Kufika Oodnadatta kulikuwa kumebaki kilomita 90, na jua lilikuwa linateremka. Jioni kangaruu na ng'ombe huvuka barabara isiyo na uzio. Mmoja wetu alitaka tuhamishe maji na kuliacha gari hapo. Tulibishana kwenye redio, chaneli moja kwa wote, anayebonyeza ndiye anayesema na wengine husikiliza. Ni vigumu kugombana vizuri kwenye chombo cha namna hiyo, na nadhani kilituokoa. Tukakubaliana: hakuna anayeachwa. Kobe mbele, gari katikati, Bibi nyuma. Basi la miaka ya 1960 likalingoja gari jipya, tukaingia Oodnadatta gizani tukitetemeka kwa baridi.

Gari liliondoka pale juu ya lori. Gereji ya Adelaide ilikuta kihisi kimoja kimekufa. Gharama ya kulibeba ilikipita kihisi chenyewe mara nyingi.

Australia ina sheria juu ya jambo hili. Tangu tarehe 1 Julai 2022 watengenezaji wanatakiwa kuwauzia mafundi wa nje taarifa za kutengeneza magari madogo, kwa bei ya haki. Ni hatua nzuri. Lakini taarifa iliyoko kwenye seva haikusaidii ukiwa umbali wa kilomita 90 kutoka kwa binadamu wa karibu.

Sisemi ya kale ni dhahabu. Bibi anakunywa dizeli kama ngamia, anatoa moshi, na tukipata ajali ningependa kuwa ndani ya gari jipya. Ninachosema ni kwamba mashine inayosafiri mbali lazima iweze kuongea na yule aliye nayo. Makarani wa Todd waliishi kando ya waya wao na waliuelewa. Fundi wa jua kali anayetengeneza mashine ya posho kijijini anaweza kwa sababu hakuna aliyemfungia mlango.

Tangu nirudi nimeanza kupitia programu zangu. Moja inatumika kwenye zahanati zilizo mbali na lami, ambako intaneti huja na kuondoka. Kila palipoandikwa "Hitilafu namba fulani, wasiliana na msimamizi", ninaandika kwa Kiswahili cha kawaida kilichoharibika, na jambo ambalo muuguzi anaweza kujaribu yeye mwenyewe. Kazi ni ndefu na haina sifa, lakini nimekwisha kujua msimamizi anavyokuwa mbali.

Nanyi mnaoandika programu, jaribuni kuzima mtandao leo mfungue kazi yenu. Inawaambia nini? Niandikieni. Hadi wiki ijayo, kwaherini.