Binti Aliyepiga Mpira kwa Saa 26

Mpira wa miguu mnaujua wote. Leo nataka kuwasimulia mchezo mwingine, ambao mimi sijauona ukichezwa hapa Kasongo. Jina lake ni kriketi.

Katika kriketi, mchezaji mmoja husimama na ubao wenye mpini. Nyuma yake vijiti vitatu vimesimikwa ardhini. Mpinzani humrushia mpira mdogo, mgumu, akitaka kuviangusha vile vijiti. Mwenye ubao huupiga mpira ule. Ukienda mbali, yeye hukimbia na kupata pointi. Vijiti vikianguka, ametoka, na mwingine huingia mahali pake.

Katika nchi ya Rwanda yuko binti aitwaye Cathia Uwamahoro. Alicheza kriketi katika timu ya taifa lake. Wakati ule wachezaji wa Kigali walikuwa wakichezea kiwanja cha Kicukiro, palipokuwa zamani na shule ya ufundi ya mapadri wa Don Bosco. Mahali pale pana huzuni kubwa. Mwezi wa Aprili 1994 watu wengi walikimbilia pale wapate kuokoka, wakaachwa bila ulinzi, wakauawa. Basi wachezaji walitamani kiwanja chao wenyewe. Lakini kiwanja hujengwa kwa fedha, nazo hazikutosha.

Mwezi wa Mei 1916? La, si zamani hivyo: ni mwaka 2016. Eric Dusingizimana, nahodha wa timu ya wanaume, alipiga mpira kwa saa 51 ili watu wasikie habari za kiwanja kile na kukichangia. Mwezi wa Februari 2017 Cathia naye akafanya vivyo hivyo. Aliingia ndani ya wavu asubuhi, wengine wakamrushia mipira kwa zamu, naye akapiga. Akapiga mchana kutwa, akapiga usiku kucha, hata kukapambazuka. Alipoweka ubao chini, saa 26 zilikuwa zimepita. Duniani kote hapakuwa na mwanamke aliyefikia kadiri hiyo.

Hebu fikirini. Tangu kengele ya asubuhi ya leo hata kengele ya kesho ni saa 24. Ongezeni saa mbili. Mikono inauma, macho yanataka kufumba, na mpira mwingine unakuja. Warushaji walipumzika kwa zamu, lakini yeye hakuwa na wa kumpokea.

Je, alipata nini? Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule kiwanja kipya kilifunguliwa huko Gahanga, pembezoni mwa Kigali. Mapaa yake yamejengwa kwa vigae vya udongo wa nchi yenyewe, yamepinda kama njia ya mpira unaodundadunda. Tena hayo siyo yote. Mwezi wa Januari 2023 wasichana wa Rwanda wasiozidi miaka 19 walikwenda Afrika ya Kusini kwenye Kombe la Dunia, timu 16 za mataifa. Walipocheza na Zimbabwe, Henriette Ishimwe aliwatoa wachezaji wanne kwa mipira minne iliyofuatana, na Rwanda ikashinda. Kisha wakawashinda na wasichana wa West Indies, watu wenye sifa ya kriketi tangu zamani. Cathia hakuwa kati yao. Aliyepanda si lazima awe yeye avunaye.

Labda mmoja wenu ataniuliza: «Frère, mbona unamsifu binti wa Rwanda? Hujui mambo yaliyotupata?» Mwanangu, najua. Mwaka 1998 vita vilifika hata hapa kwetu Maniema, na mpaka leo machozi hayajakauka mashariki ya nchi yetu. Sikuambii usahau. Uovu tuuite uovu, na haki tuidai. Lakini binti aliyeshika ubao hakushika bunduki. Ukikataa kuona wema kwa sababu ya mahali ulikotoka, umejinyima mwenyewe. Bwana wetu alipotaka kufundisha mapendo, alimchagua Msamaria, mtu wa kabila ambalo wasikilizaji wake hawakulipenda.

Neno la mwisho ni kwa wavulana. Wakati wa mapumziko naona uwanja wote umejaa ninyi, na dada zenu wamesimama ukingoni chini ya miembe. Jioni wao huteka maji na kutwanga, nanyi mnarudi tena kwenye mpira. Hamwezi kujua nani kati yao ana mkono wa Henriette, au moyo wa Cathia, maana hawajapewa nafasi. Kesho wapeni nusu ya uwanja. Na jioni chukueni ndoo mara moja, ili nao wapate muda wa kucheza.