Banio la Worcester na banio la Mbarali

Mto Severn, mrefu kuliko yote Uingereza, unakatizwa pale Worcester na ukuta mfupi uitwao Diglis. Kwetu Mbarali, Tanzania, tungeuita banio bila kusita, ingawa haumwagilii chochote. Ulijengwa miaka ya 1840 pamoja na wenzake kadhaa huko juu, ili maji yapande na majahazi ya mizigo yasikwame. Mizigo ilihamia kwenye reli, kisha kwenye malori. Siku hizi wanaopita pale ni wastaafu na mashua zao za starehe, lakini ukuta upo vilevile.

Aliyeumia zaidi ni samaki anayeitwa twaite shad, jamaa wa dagaa wa baharini. Huyu huishi baharini, ikifika Mei anapanda mtoni kutaga penye changarawe. Salmoni akikuta ukuta hujirusha, na mara nyingine hufaulu. Shad hana mazoea ya kuruka. Akifika ukutani anazungukazunguka chini yake, mwisho anataga palipo pabaya au anarudi alikotoka. Kwa zaidi ya miaka 150 sehemu kubwa ya mto ilikuwa imefungwa kwake.

Sasa wamemtengenezea njia. Pembeni mwa Diglis kuna mfereji wa zege wa mita 100 hivi, umegawanywa vyumba vyumba, na kila ukuta wa chumba una mwanya mwembamba wima unaoshuka mpaka chini. Samaki anapenya mwanya, anapumzika chumbani, anapenya mwingine. Harushwi wala habebwi. Chini ya ardhi kuna chumba chenye dirisha la kioo, watoto wa shule wanapelekwa kuwaona wakipita. Mradi mzima ulihusu sehemu sita, nne kwenye Severn yenyewe na mbili kwenye Teme, mto unaoingia humo, na umefungua upya kama kilomita 250 za mto.

Kilichonivutia si ukubwa wa zege, ni mahali ulipo mdomo wa njia hiyo. Samaki anayepanda hufuata mkondo. Ukiweka mlango mbali na maji yenye nguvu, atabaki anagonga ukuta usiku kucha wakati njia ipo hatua chache tu kutoka alipo. Njia za samaki zimejengwa nyingi duniani, na baadhi hazina faida kwa sababu hiyo hiyo.

Nilimsimulia mjomba wangu kwa simu, naye analima mpunga na kuvua msimu ukiruhusu. Akacheka mpaka akakohoa. "Yaani mjomba, huko samaki ana ngazi yake! Sisi huku zahanati tu tunaisubiri." Nikamwambia pia kwamba wavuvi wengi wa hapa Uingereza wanamkamata samaki, wanampiga picha, kisha wanamrudisha majini. Hilo hakulijibu kabisa. Nadhani alihisi namtania.

Lakini mambo ya banio mjomba anayajua kuliko wahandisi. Mvua za kwanza zikinyesha, Novemba au Desemba, maji yanakuja mekundu, yamebeba povu na mabua. Kambare wanaamka. Wanapanda wakitafuta majani yaliyofurika ili watage, na majike matumbo yamewajaa mayai. Wanafika kwenye zege, wanasukumana kinyume cha maji, migongo nje, ndevu zinachezacheza kwenye povu. Vijana wanaingia na nyavu, watoto na ndoo, wengine panga tu. Usiku mmoja unatosha kujaza magunia. Ndiyo maana bei ya kambare siku hizo huporomoka, na ndiyo maana pia mjomba analalamika kwamba mito ya juu ya banio haina tena samaki wa maana.

Banio hudhuru na upande wa pili. Samaki anayeshuka hufuata maji, na kiangazi maji karibu yote yanaelekea mfereji mkuu. Naye anaingia humo, anafika majarubani, lango likifungwa anabaki kwenye tope. Mbele kabisa ya mashamba hayo kuna ardhioevu ya Ihefu, na baada ya Ihefu Ruaha Mkuu, mto ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Samaki, viboko na mamba wanabanana kwenye madimbwi machache. Pale hata ngazi ya dhahabu haisaidii, kwa kuwa maji yenyewe hayapo.

Wazee wetu nao walikuwa wakiziba mito kwa wigo wa miti na migono. Tofauti ni kwamba wigo wa miti hung'olewa na mafuriko makubwa, na samaki wanapita. Waingereza walikuwa na nyigo za namna hiyo, nyingi kiasi kwamba Magna Carta ya 1215 iliagiza ziondolewe Thames, Medway na mito yote ya England, isipokuwa pwani. Sababu kubwa ilikuwa mashua zipite. Kumhurumia samaki kulikuja baadaye. Sheria yao ya 1975 inakataza kuchukua salmoni au trauti kwa chombo chochote isipokuwa fimbo na ndoano, yadi 50 juu ya kizuizi na yadi 100 chini yake.

Katazo hilo ndilo ningelibeba kwanza. Diglis ni zege la watu ambao banio lao halina tena kazi ya mizigo. Letu linalisha nchi mchele, kwa hiyo anayesema libomolewe hajawahi kula wali wa Mbarali. Lakini kuzuia nyavu mita 100 chini ya banio, wiki chache tu za mvua za kwanza, hakuhitaji mfadhili. Kuinua lango la kutolea mchanga usiku wa mafuriko, wakati maji yanafurika hata hivyo, hakuhitaji saruji. Na pale ambapo ukuta ni mfupi, mteremko wa mawe makubwa upande wa chini unaweza kumpandisha samaki asiyejua kuruka. Kuhusu maji ya kiangazi, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya 2009 inataka kiasi kibaki kwa ajili ya watu na mazingira kabla ya kugawia matumizi mengine.

Mabanio mengi yanajengwa na kukarabatiwa sasa hivi. Ndugu mlioko kwenye vyama vya umwagiliaji na jumuiya za watumia maji, mhandisi akileta mchoro, muulizeni samaki atapita wapi. Muulizeni kabla zege halijamwagwa, kwa sababu baada ya hapo gharama ni kubwa kama ya Worcester.