MWILI UNAOMBA KALORI NGAPI?

Sisi ni kapita wenu. Juma lililopita, saa ya kazi ya mikono, mwenzetu mmoja wa miaka 18 aliacha jembe akakaa chini. Tukamwandika mvivu.

Kesho yake mwalimu wa biolojia akatuonyesha hesabu ya FAO na OMS ya mwaka 1985. Kwa mwanaume wa miaka 18 mpaka 30, chukua kilo zake, zidisha na 15,3, ongeza 679. Hizo ni kalori za kulala tu: moyo, pumzi, joto la mwili. Kama anafanya kazi ya kadiri, zidisha tena na 1,78.

Yule ndugu iko na kilo 58. Tukapata 1.566, halafu karibu 2.790. Kumbe!

Sasa tuangalie sahani. Kwa siku tunapimiwa unga wa muhogo gramu 400, ni karibu kalori 1.400. Maharagi makavu gramu 100, karibu 330. Mafuta ya mawese kijiko kimoja, karibu 120. Sombe ni nzuri kwa vitamini, lakini kalori zake ni kidogo. Basi zile zaidi ya 900 zinatoka wapi? Ni kweli kukadiria si kupima, mwili wa huyu si wa yule. Lakini 900!

Tumefuta jina lake na kumwomba samahani. Karatasi ya hesabu tumeipeleka kwa mkubwa wa interna, tukaomba kijiko cha pili cha mafuta na maharagi ya kuongeza. Jibu bado.