Maji ya Bustani Yetu

Likizoni hapa Rugera sisi mafrateri tunamwagilia mchicha kwa maji ya aina tatu. Maji ya mvua karibu hayana chumvi, na mimea huyapenda. Maji ya chemchemi hubeba madini ya miamba. Mengine hufaa, lakini chumvi ikizidi hubaki udongoni, mizizi ikashindwa kunyonya maji. Maji ya kuoshea mboga hayana shida, ila yenye sabuni ya unga hugandisha udongo. Kuanzia Juni mvua hukatika, matangi hukauka, na chemchemi hutegemewa na kijiji kizima. Hivyo tumekubaliana: chemchemi ni ya kunywa kwanza. Bustani itapata maji ya kuoshea mboga na matandazo ya majani ya migomba. Mchicha ukidumaa, tutakula maharage. Jirani asikose maji.