Jicho la Baba Watoto

Ugonjwa wa retina kubanduka hauna maumivu, na hapo ndipo penye hatari. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga. Ukichanika, maji hupenya chini yake na kuubandua.

Baba watoto alianza kuona vimulimuli na vijidoa vyeusi vikielea, kisha kivuli kama pazia kikapanda kutoka chini. Kesho yake tulikuwa kwa daktari wa macho. Mchaniko ulikuwa mdogo, upande wa juu, na sehemu ya katikati ilikuwa bado imeshika. Tusingoje, alituambia.

Kabla Jules Gonin wa Lausanne hajaonyesha, katika miaka ya 1920, kwamba tiba ni kuziba mchaniko, karibu kila mgonjwa alipofuka. Leo njia kuu ni tatu. Kuna kushona mkanda wa silikoni nje ya jicho, ili ukuta wake usogee ndani ukutane na retina. Njia hii huwafaa hasa vijana. Kuna upasuaji wa kuondoa ute wa ndani ya jicho. Kuna pia kudunga kiputo cha gesi kinachoibana retina mahali pake, na mchaniko ukazibwa kwa leza au kwa baridi kali.

Ipi bora? Utafiti wa Toronto uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 176, ulilinganisha hizi mbili za mwisho. Tiba ya kwanza ilitosha kwa asilimia 93 ya waliotolewa ute, na asilimia 81 ya waliotiwa gesi. Lakini baada ya mwaka mmoja, waliotiwa gesi waliona vizuri zaidi.

Baba watoto ni dereva. Macho yake ndiyo mkate wetu. Tulichagua gesi, tukijua huenda tukarudi kwa upasuaji. Siku kadhaa alishika kichwa namna moja, mchana na usiku. Sisi tulimlisha, tukampangia mito, tukazuia wageni. Kupanda ndege kulikatazwa mpaka gesi iishe.

Retina ilishika. Kwa mwingine, mkanda au upasuaji ungefaa zaidi. Muulizeni daktari: mchaniko uko wapi, katikati pamebanduka, na mgonjwa ataweza kutulia? Mkiona pazia, nendeni siku hiyo hiyo.