Kushindilia Kiko: Tukuyu, Kalenga na Odense

Mtu akiniuliza kiko kinashindiliwaje, nami humuuliza kwanza tumbaku yake imetoka wapi, na atakiwasha kwa kitu gani. Hapa Odense, Denmark, ninakoishi, nimewasikia wazee wakibishana juu ya jambo hili kwa moyo wote, kila mmoja na kanuni yake. Nami nikiwasikiliza nawakumbuka bibi zangu wawili: mzaa baba wa Tukuyu, mkoani Mbeya, na mzaa mama wa Kalenga, Iringa. Wote wawili walivuta kiko, lakini hawakushindilia namna moja.

Nianze na huku. Denmark ni nchi ya viko. Poul Nielsen, mwanzilishi wa viko vya Stanwell, alianza kutengeneza viko mwaka 1942, katikati ya vita, kwa miti ya misitu ya hapa hapa, maana mizizi ya erika kutoka nchi za Mediterania ilikuwa haipatikani. Baada ya vita mizizi ikarudi, na mafundi kama Sixten Ivarsson wakavipa viko vya nchi hii maumbo yaliyotambulika duniani. (Mti huo wa erika huota hata Kilimanjaro, ingawa kwetu sijamwona mtu aliyeuchonga kiko.) Kwa upande wa tumbaku, jina kubwa ni Mac Baren, lililotokea Svendborg, mji ulioko kusini mwa kisiwa hiki hiki cha Fyn.

Kanuni ambayo kila mvutaji wa huku ameisikia ni ya mikono mitatu. Tumbaku inatiwa kwa awamu: ya kwanza inagandamizwa kwa mkono wa mtoto, ya pili kwa mkono wa mwanamke, ya tatu kwa mkono wa mwanamume. Chini inabaki legelege, juu inakaza. Kisha unavuta kabla hujawasha. Hewa ipite kama unakunywa soda kwa mrija, isiwe nyepesi mno wala isikwame. Wajerumani wana njia nyingine, iliyopewa jina la Achim Frank: unatanguliza tumbaku kidogo iliyolegea, juu yake unaweka donge kubwa kuliko mdomo wa kiko, halafu unalisukuma pole pole kutoka pembeni kuelekea katikati. Hapo ndipo kiberiti kinapowashwa na kuzungushwa juu. Tumbaku inafura, inashindiliwa kidogo kwa kichuma chake, inawashwa mara ya pili.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyewahi kufanya kazi kwetu miaka ya 1980, wakati Danida, shirika la misaada la Denmark, ikifadhili miradi ya maji vijijini katika mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, aliniambia kuwa aliwaona bibi wa kule wakisukuma tumbaku kwa dole gumba na kuweka kaa la moto juu, basi. Kwa maoni yake hawakuwa na kanuni. Nilimkatalia, na bado namkatalia.

Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Jani la tumbaku linaloanikwa darini juu ya moto wa jikoni halikauki likawa kavu kabisa. Siku likishushwa hewa ya Rungwe inalilainisha tena. Bibi alilisokota kama kamba, akakata vipande kwa kisu, akavifikicha kiganjani na kuvidondosha ndani ya kiko cha udongo chenye bomba la mwanzi. Alivigusa tu. Tumbaku yenye unyevu hufura ikishika moto, na ukiigandamiza tangu mwanzo inaziba, kiko kinatoa maji na kuzimika.

Kalenga ni habari nyingine. Mvua za pale ni chache, kiangazi kina upepo, na jani likiguswa linasagika unga. Unga huo ukitiwa ovyo unafyonzwa hadi mdomoni, na ukiachwa umelegea unaungua mara moja na kuunguza ulimi. Kwa hiyo bibi wa Kalenga alitanguliza kipande cha uti wa jani chini kabisa, penye tundu la bomba la tete, akamimina tumbaku juu yake na kuishindilia kwa dole gumba, kwa nguvu. Uti uliacha njia ya hewa, mkazo ukapunguza kasi ya moto.

Na kaa? Njiti ya kiberiti inagusa kwa sekunde chache, kwa hiyo uso wa tumbaku lazima uandaliwe vizuri uweze kushika haraka. Kaa linakaa juu mpaka uso wote ushike, na uzito wake wenyewe unaigandamiza tumbaku inapofura. Kichuma cha nini tena? Mzee wa Odense anafanya kazi tatu kwa mikono yake: kushindilia, kuwasha na kugandamiza tena. Kaa lilimfanyia bibi mbili kati ya hizo.

Siandiki haya ili mtu aanze kuvuta. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kiko kinaleta saratani ya mdomo na koo kama sigara. Sisi wajukuu tulitumwa kuleta kaa kwenye kigae, wengine wakaambiwa wawashe kiko na kukivuta kidogo kisizimike njiani; desturi hiyo ife. Chunya bado wanalima tumbaku ya mvuke, wanajua kuikausha kwenye mabani na kuipanga kwa madaraja, lakini inaondoka kwa mitumba kwenda kuwa sigara. Viko vya udongo vimebaki kwa wazee wachache.

Kinachoniuma ni kwamba njia ya Frank ina jina na maandishi, wakati ile ya Kalenga itazikwa na wazee wetu bila hata mstari mmoja. Iringa Boma, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika jengo la Wajerumani mjini, ni mahali pa kufikisha kiko cha zamani pamoja na maelezo yake. Wewe uliye Rungwe, Mufindi au Kilolo, kama bibi au babu yako bado anacho, msalimie, kaa naye, mrekodi kwa simu akieleza alivyokitia na kwa nini. Fanya hivyo mwaka huu.