Mlio wa Mguu wa Kushoto

Siku hiyo mama ndiye aliyeusikia mlio kwanza. Tulikuwa bado kwenye matuta ya Kibaha, saa kumi na mbili asubuhi, akaniuliza, "Mwanangu, nini hicho kinachogonga huku chini ya miguu yangu?" Nikamwambia ni mpira tu, hauna neno. Ndivyo nilivyoambiwa kwenye gereji moja ya Dar es Salaam miezi minne nyuma, na tangu siku ile sikio langu lilikuwa limeshauzoea mlio wenyewe: ko-ko, ko-ko, kila tairi la mbele kushoto lilipoingia shimoni.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuendesha mwenyewe hadi Iringa, karibu kilomita 500, kumpeleka mama kwenye harusi ya binti wa mjomba. Nilijiandaa kadiri nilivyojua. Nilibadilisha oili, nikapima upepo wa matairi, nikakagua breki, nikanunua mtungi wa kuzimia moto. Miguu ya gari, yaani shokapu na viungo vinavyoshika matairi, sikuigusa.

Morogoro tulikunywa chai milima ya Uluguru ikiwa imejifunika ukungu. Baada ya hapo gari likaanza kunisumbua. Kwenye rasta usukani ulitetemeka, ukaendelea kutetemeka hata rasta zilipokwisha. Kwenye lami iliyonyooka gari lilitaka kushika njia yake, nami nikawa nalirudisha kila mara. Nikausingizia upepo wa malori.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza mbuga kwa takriban kilomita 50, twiga alitokeza kwenye vichaka akasimama kando ya lami. Nilikuwa kwenye mwendo wa 70. Nikakanyaga breki. Pua ya gari ikazama, gari likavuta kushoto, na hata liliposimama liliendelea kuinama na kuinuka kama mtumbwi uliopigwa wimbi. Twiga akavuka kwa hatua zake ndefu. Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. "Tukifika mjini tunatafuta fundi," alisema, na hakuwa akiniomba.

Mikumi mjini tulielekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwarobaini. Fundi wa miguu, ndivyo walivyomwita. Alimwamkia mama, kisha akaniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa na fundi yeyote: linagonga ukipanda tuta au ukishuka? Ukikata kona je? Likiwa tupu linagonga vilevile? Wakati najibu, alikwenda mbele akaweka viganja viwili juu ya boneti, akaikandamiza kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka tena. "Gari zima hupanda mara moja likatulia," alisema.

Akanionyesha shokapu. Oili ilikuwa imevuja ikashika vumbi la barabara, likaganda kama udongo kwenye mwili wake. Mimi niliamini shokapu ndiyo inayobeba gari. Kumbe mzigo hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isicheze. Ndani yake kuna pistoni inayosukumwa kwenye oili kupitia vitundu vidogo, na ule ugumu wa oili kupita ndio unaolituliza gari. Oili ikiisha, springi inabaki haina wa kuituliza, tairi linarukaruka badala ya kushika lami, na breki hata ziwe mpya haziwezi kulisimamisha kama inavyotakiwa.

Lakini mlio haukuwa wa shokapu. Alipandisha gari kwa jeki, akaweka gogo chini ya chesisi kwa sababu hakuiamini jeki peke yake. Akashika tairi juu na chini akalitikisa, kisha kulia na kushoto. Kulia na kushoto palikuwa kimya, yaani tairodi ilikuwa nzima. Akachukua mtaimbo, akauingiza kati ya amu na sehemu inayobeba tairi, akaniambia, "Weka kidole hapa, kijana." Niliweka kidole kwenye boli jointi, kiungo cha hizo mbili. Alipoinua mtaimbo nilisikia kitu kikiruka ndani ya chuma, tik, chini ya ngozi yangu. Kifuniko chake cha mpira kilikuwa kimechanika, grisi imekauka, mchanga umeingia. "Hiki ndicho kinachoshikilia tairi lako," alisema. "Kikichomoka, tairi linalala. Na mbele yako kuna mlima wa Kitonga."

Sikuwa na la kusema. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mita chache kutoka hapo.

Vipuri viliagizwa Morogoro vikaletwa na basi, vikafika alasiri. Fundi aliizungusha boli jointi mpya kwa vidole: ngumu, inakwenda taratibu. Ile ya zamani ilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Shokapu za mbele alizibadilisha zote mbili, ingawa ya kulia ilikuwa haijavuja, kwa sababu moja mpya na moja iliyochoka hulivuruga gari kwenye breki. Kabla ya kufungua nati ya juu aliibana springi kwa klampu na kuwasogeza watoto waliokuwa wakitazama. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaua. Boliti za bushi za amu alizikaza mwisho kabisa, gari likiwa limeshashushwa chini, ili mpira usikazwe ukiwa umejisokota ukachanika mapema. Namheshimu sana mtu yule kwa jambo hilo moja, maana hakuna ambaye angemuona kama angeliruka.

Tulilala gesti. Asubuhi tulipita Ruaha Mbuyuni, tukaanza kuipanda Kitonga, korongo upande mmoja, mwamba upande wa pili, malori yenye shehena yakipanda kwa gia nzito mbele yetu. Gari lilikata kona bila mlio. Niliendesha nikiwa nimeshika usukani kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Iringa nilipeleka gari kwenye alaimenti, kama alivyoniagiza. Tairi la kushoto lilipovuliwa, ukingo wake wa ndani ulikuwa umelika hadi nyaya zinaonekana. Kwa nje lilikuwa na kashata zake zote, nami nililitazama kila asubuhi kwa miezi minne.

Ndugu msomaji, kama una safari ya mbali mwezi huu, mpe kiti cha mbele mtu asiyelizoea gari lako, mpitishe kwenye matuta mawili matatu, na umuulize anasikia nini. Kisha nenda kwa fundi anayelipandisha gari jeki kabla ya kutaja jina la kifaa, na usimame hapo hapo uweke kidole.